Mbwa wa Mapambo katika Nyumba ya Muislamu

Binti yetu mwenye umri wa miaka tisa alipotuomba tumnunulie mbwa mdogo wa aina ya Chihuahua, hatukupenda kumjibu kwa neno moja la kukataza. Tulikaa naye, tukalipima ombi lake.

Tulianza na dini. Mtume (s.a.w.) ameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, afugaye asiyekuwa wa hao hupungukiwa na thawabu kila siku. Chihuahua hawindi wala hachungi. Tena sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi tunapaswa kukiosha mara saba chombo alichokiramba mbwa, moja kwa udongo. Na sebule ambamo angecheza ndimo tunamotandika miswala.

Kisha tukaitazama haki ya mnyama mwenyewe. Kwa kawaida hazidi kilo 3, na mifupa yake ni myembamba; akiponyoka mikononi mwa mtoto, huweza kuvunjika mguu. Aghalabu huishi zaidi ya miaka 12, naye huhitaji mtu wa karibu. Nani angeshinda naye, ilhali sote tu kazini na shuleni?

Hatukumnunua. Lakini tulimsimulia binti yetu habari za mtu aliyesamehewa na Mwenyezi Mungu kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Tangu siku ile, kila jioni huweka bakuli la maji nje ya ukuta, kwa ajili ya mbwa wapitao njia.