Pikapu Kuukuu ya Kijijini: Nini Uongeze, Nini Uache

Wengi mmezoea kunisoma nikieleza mbegu, mbolea na ukungu wa viazi. Leo naomba tuzungumzie gari. Katika kata ninazozunguka huku Nyanda za Juu Kusini, kiazi kisichofika barabara ya lami ni hasara, hata kama ulikilima kwa kanuni zote bora. Na kinachokitoa shambani hadi lami wakati wa mvua si lori kubwa. Ni pikapu kuukuu, mara nyingi Land Cruiser ya miaka ya tisini yenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6, lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta. Gari la namna hiyo linalea ukoo mzima, na usiku mgonjwa akizidiwa ndilo linalogongewa mlango.

Mimi si fundi. Ninayoyaeleza hapa nimeyapata kwa kusafiri na magari haya miaka mingi, kwa kukaa gereji na mafundi, na kwa kualikwa kwenye vikao vya vikundi siku fedha inapopangiwa kazi. Kikao kimoja ndicho kilichonisukuma kuandika makala hii. Kikundi cha wakulima wa viazi kilikuwa kimemaliza mauzo, kikatenga fungu la kuboresha pikapu yao. Dereva, kijana hodari, alikuja na orodha: turbo, matairi makubwa, kuinua gari, ngao ya chuma mbele, winchi na taa ndefu za juu ya kabini. Mama mweka hazina aliisoma orodha yote, kisha akauliza: "Mwanangu, katika hivi, kipi kitatuongezea gunia, kipi kitatupunguzia dizeli, na kipi kitatuokoa roho?"

Ndugu msomaji, chukua swali hilo uende nalo dukani. Tulipitie gari zima kwa swali hilo.

Anza na uzito

Kila gari limeandikiwa uzito wake wa mwisho likiwa na mzigo, kwenye kibati chake au kwenye kadi. Lipime likiwa tupu lakini limejaa mafuta. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo haki yako ya kubeba, na humo ndani wamo dereva, utingo na abiria. Kama uzito wa mwisho ni kilo 3,000 na gari tupu ni kilo 2,000, una kilo 1,000 tu. Ukiwa na watu watatu, umebakiwa na kilo 800 hivi. Hayo ni magunia 8 ya kilo 100, na gunia la lumbesa si kilo 100.

Sasa ongeza vyuma. Ngao nzito ya chuma inaweza kufika kilo 60, winchi na waya wake kilo 40, keria ya chuma kilo 50, tairi la pili la akiba na rimu yake kilo 40. Jumla kilo 190. Ukipiga safari 3 kwa wiki kwa wiki 12, ni safari 36. Kilo 190 mara safari 36 ni kilo 6,840, yaani magunia 68 uliyoyaacha shambani ili ubebe mapambo. Gari la mtalii linafunga vyuma hivyo kwa sababu halibebi viazi. Wewe mzigo wako ndio mshahara wako.

Sisemi winchi haina kazi. Kama unapita peke yako msituni ambako hakuna mtu wa kukusukuma, italipa. Lakini kijiji kwa kijiji, minyororo ya matairi, koleo, mbao mbili nene na kamba imara vinatosha siku nyingi, na vyote vinakaa chini ya kiti au pembeni mwa bodi.

Breki kabla ya nguvu

Magari haya yana diski mbele na ngoma nyuma. Tope linaingia kwenye ngoma, linakauka, linasaga breki shuu kama msasa. Kwa hiyo ngoma zifunguliwe na kusafishwa mara kwa mara msimu wa mvua, si mpaka gari lianze kulia.

Mafuta ya breki nayo yanazeeka. Yanavuta unyevu kutoka hewani, na mafuta yenye maji yanachemka mapema kwenye mteremko mrefu. Yakichemka yanatoa mvuke, pedeli inazama chini, na wewe una tani moja mgongoni. Yamwage yote na kuweka mapya kila baada ya miaka miwili hivi. Badilisha na mipira ya breki iliyopasuka au kuvimba, maana gari la miaka 30 huenda bado lina mipira ile iliyotoka nayo kiwandani. Hapa hakuna kuvutia macho, na hakuna atakayekusifia sokoni. Ila ndiyo maboresho ya kwanza.

Na dereva ashuke kwa gia ile ile ambayo angepandia, bila kukanyaga klachi. Injini ya dizeli isaidie kuzuia, breki ibaki kwa dharura.

Kikundi kile kilianza hapo. Mwezi wa tatu, usiku wa mvua, kijana yule alikuwa anamshusha mama mjamzito kwenda kituo cha afya. Baada ya kona akakuta mti umelala barabarani. Alisimama. Watu wakaukata kwa mapanga wakaendelea na safari, na mtoto akazaliwa salama. Nilipomuuliza kuhusu turbo baadaye alicheka tu akasema, "Afisa, acha kwanza."

Springi: usiongeze majani ovyo

Ugonjwa mkubwa wa vijijini ni kuongeza majani ya springi nyuma hadi gari tupu linakaa kama panzi. Mwenye gari anadhani ameongeza uwezo wa kubeba. Hajaongeza. Chesisi, ekseli, beringi na breki ni vile vile. Kilichobadilika ni kwamba gari halionyeshi tena kuwa limezidiwa. Likiwa tupu linaruka, tairi linapoteza ardhi, na chesisi inaanza kupasuka.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Pikapu nyingi za aina hii zina valvu ndogo kwenye chesisi, imeunganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Bodi likishuka kwa mzigo, valvu inaruhusu breki ya nyuma ifanye kazi zaidi. Bodi likiwa juu, inapunguza, ili magurudumu ya nyuma yasikwame likiwa tupu. Ukiinua gari kwa springi, valvu inadhani gari ni tupu hata ukiwa na magunia 8. Breki ya nyuma inalegea wakati ule ule unaoihitaji. Kama lazima uinue, fundi airekebishe fimbo hiyo. Muulize kabla hajaanza kazi. Kama hajui valvu unayoizungumzia, tafuta fundi mwingine.

Maboresho sahihi ni seti nzima ya springi inayolingana na mzigo wako wa kila siku, bushi mpya, na shokapu mpya. Springi nzuri na shokapu iliyokufa ni sawa na jembe jipya kwenye mpini uliooza.

Matairi

Kwa tope letu, tairi jembamba lenye meno makubwa mara nyingi linashinda tairi pana. Linazama kidogo, linafika kwenye udongo mgumu, linashika. Tairi pana ni la mchanga.

Piga hesabu kabla ya kubadilisha saizi. Tairi la 235/85R16 lina kipenyo cha sentimita 80.6. La 285/75R16 lina sentimita 83.4. Ukifunga hilo la pili, gari linapanda kwa sentimita 1.4 tu, yaani nusu ya tofauti. Ila spidi inakudanganya: ukisoma 80, unakwenda karibu 83. Injini inapata kazi zaidi kuanza mlimani, klachi inaisha mapema, na tairi linaweza kugusa bodi ukikata kona. Sentimita moja na nusu haitakutoa kwenye tope.

Ukinunua tairi, jipya au la mtumba, soma namba 4 za mwisho baada ya herufi DOT. Namba 3518 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Meno yanaweza kuwa mazuri na mpira ukawa umeshakufa. Na kama bado una rimu za pete, mjazaji asisimame mbele yake wakati wa kujaza upepo. Zijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Pete ikichomoka inaua mtu.

Maji, vumbi na ule mkonga

Watu huita magari haya "mkonga" kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Kazi yake ni mbili: kuchukua hewa juu, mbali na vumbi zito, na kuzuia injini isinywe maji mtoni. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, fimbo za pistoni zinapinda, na injini imekwisha.

Lakini mkonga wenye tundu ni pambo. Upime hivi: washa injini, iache isilesi, ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha mpira bapa. Injini inatakiwa izimike au ikaribie kuzimika. Ikiendelea kama kawaida, inavuta hewa mahali pengine, na maji yatapita hapo hapo. Kagua viungo vya mpira na boksi la filta.

Hata mkonga ukiwa mzima, difu zako bado ziko chini. Difu ikiwa ya moto ikiingia kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Kila difu ina kipumulio kidogo juu yake. Unganisha mpira mwembamba kwenye kipumulio hicho, uupandishe hadi ndani ya boneti. Haya ndiyo maboresho ya bei ndogo kuliko yote, na ni fundi wachache wanaokukumbusha. Ukiona oili ya difu imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Imwage siku hiyo hiyo.

Umeme

Kabla ya kununua taa za ziada, ponya zilizopo. Kwenye magari ya zamani umeme wa taa kubwa hupita njia ndefu hadi kwenye swichi na kurudi, na nyaya zilizochakaa zinaula njiani. Fundi akifunga rilei mbili, fyuzi, na nyaya nene kutoka kwenye betri, taa zile zile zinang'aa vizuri zaidi. Angalia pia volti: baadhi ya magari haya ni ya volti 24 yenye betri mbili. Ukifunga kifaa cha volti 12 kitaungua.

Turbo

Injini ya 1HZ ilitengenezwa bila turbo, na uvumilivu wake unatokana na hapo. Turbo ya kuongezea inafungika, na mlimani utaiona tofauti. Lakini fundi akiongeza na dizeli kwenye pampu, joto linapanda, na kichwa cha silinda kinaweza kupasuka. Anayeifunga sawasawa anaweka kipimo cha joto la moshi, anahakikisha rejeta ni nzima, na dereva anakubali kuachia mafuta joto likipanda. Kama hayo matatu huna, acha.

Fedha ya turbo ina kazi nyingine. Injini hii inatumia mkanda wa taimingi, unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Ukinunua gari na historia yake huijui, usiamini maneno ya dalali wala taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Badilisha mkanda kwanza. Ukikatika njiani, gharama yake inaweza kula mauzo ya msimu mzima.

Kwenda dukani

Nenda na kipuri cha zamani mkononi na namba ya chesisi mfukoni. Vipuri vya mtumba vinafaa kwa milango, bodi, hata giaboksi; visitumike kwa breki, mipira, beringi na mikanda. Dai risiti. Ukibadilisha injini au rangi, fika ofisi ya TRA kadi irekebishwe, na bima wajulishwe, kwa sababu kadi isiyolingana na gari inaweza kukuletea mgogoro siku ya ajali.

Kisha fungua daftari. Andika kila safari: magunia, kilomita, lita za dizeli, kilichoharibika. Fanya hivyo mwezi mmoja kabla ya kufunga kifaa na mwezi mmoja baada yake. Daftari litakuambia kama kifaa kimelipa. Dereva na fundi kila mmoja ana lake la kusema, ila daftari halina upande.

Kwa mwenye fungu dogo msimu huu, mpangilio wangu ni huu: breki, mkanda wa taimingi, rejeta na mipira yake, springi na shokapu, matairi, vipumulio vya difu, mkonga, nyaya za taa. Ukifika mwisho na fedha bado ipo, funga unachokipenda, hata honi ya kuimba. Utakuwa umeilipia kwa viazi vilivyofika sokoni.

Makala ijayo tunarudi shambani: namna ya kuhifadhi mbegu za viazi bila kuozesha. Kazi njema.