Pini za Mzee na Dari ya Corolla

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Wanasiasa wapo tu, wataendelea kutupa habari hata tukiwaacha wapumue siku mbili tatu. Leo nataka tuzungumzie dari ya gari. Ndiyo, kile kitambaa kilicho juu ya kichwa chako unapoendesha, ambacho hukikumbuki mpaka siku kinapoanza kukushukia.

Kama unaendesha gari la miaka kumi na tano na kuendelea hapa Dar es Salaam, utanielewa haraka. Kwanza kinatokea kijifuko kidogo karibu na taa ya ndani. Unakisukuma kwa kiganja, kinarudi juu, unasahau. Baada ya miezi kadhaa kijifuko kimekuwa tumbo. Ukifungua vioo, upepo unaingia na tumbo linajaa kama tanga la ngalawa. Mwishowe kitambaa kinaziba kioo cha kati na huioni daladala iliyo nyuma yako. Hapo mzaha umekwisha.

Gari ninalolizungumzia ni Corolla ya 1998, ya marehemu baba. Mzee alikuwa mwalimu wa hesabu, na kitambaa kilipoanza kushuka alikitibu kihesabu. Alinunua boksi la pini, akachukua rula, akazichomeka kwa mistari, kila pini sentimita kumi kutoka kwa mwenzake. Alipomaliza, dari ilikuwa imenyooka kama daftari la mwanafunzi mtiifu. Sisi watoto tulicheka. Yeye akasema gari limepona, na kweli lilipona kwa muda. Mzee alifariki pini zikiwa bado zimesimama kwenye mistari yake.

Shida ilikuja kwa mama. Mama ana pumu, na kila mwezi mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Kutoka Mbagala hadi mjini, kwa foleni zetu hizi, ni safari. Nikaanza kuona kwamba tukishuka mabega yake yana vumbi la rangi ya manjano iliyochoka, laini kama unga. Anakung'uta mtandio, anakohoa, anavuta dawa yake. Nikifunga breki ghafla, unga unadondoka. Mlango ukifungwa kwa nguvu, unga unadondoka. Ulikuwa ukitoka kwenye matundu ya pini za mzee.

"Mama, dari hii inabidi tuibandue," nilimwambia.

"Baba yako aliipiga pini kwa mkono wake," akajibu. Hakuongeza neno, na mimi sikuthubutu kuongeza langu siku hiyo.

Kabla sijaendelea, hebu tuelewane kuhusu huo unga unatoka wapi, maana hapo ndipo wengi tunapopigwa pesa.

Dari ya magari mengi ya siku hizi ina tabaka tatu. Juu kabisa, karibu na bati, kuna ubao mwepesi uliotengenezwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa na kufinyangwa kufuata umbo la paa. Chini yake kuna sponji nyembamba, kama milimita tatu hivi. Kisha kinakuja kitambaa, ambacho kimeungana na hiyo sponji tangu kiwandani. Gundi hushika sponji kwenye ubao. Magari ya zamani kama Volkswagen ya mgongo wa kobe hayakuwa hivyo: dari yake ilitandazwa kwenye vyuma vyembamba vilivyopinda, kama turubai kwenye fremu.

Sponji hiyo ni poliyurethani, jamii moja na godoro unalolalia. Otto Bayer na wenzake ndio walioanzisha kemia yake Ujerumani mwaka 1937. Ni kitu chepesi, laini, kinapunguza kelele na joto. Lakini ina maadui wawili, joto na unyevu, na sisi wa pwani tunao wote wawili bure. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani hupita nyuzi 50 ndani bila shida. Fanya hivyo mwaka baada ya mwaka, ongeza hewa ya bahari, sponji inakatika vipande vipande mpaka inabaki unga. Kitambaa kinakuwa kizima na gundi bado ipo kwenye ubao. Kilichokufa ni cha katikati.

Ndiyo maana pini hazitoshi. Ndiyo maana pia fundi wa kwanza niliyemwendea alinishangaza. Alisema atachukua bomba la sindano, apenyeze gundi kupitia kitambaa, abonyeze, kazi imekwisha. Nikamuuliza, "Sasa gundi hiyo itashika nini, na kwenye ubao kuna unga?" Akacheka, akaniambia, "Dada, wewe lete gari, mengine tuachie sisi." Sikulipeleka. Kazi ya kuuliza maswali ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba, siwezi kuiacha getini kwa fundi.

Mafundi wazuri wapo, tena wengi, na ukiwa na nafasi wape kazi. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Niliona kwamba kama pini za mzee zitang'olewa, basi ziondolewe nyumbani, mama akiwepo. Nikakwangua kipande cha sponji pembeni ya taa, nikakiweka kwenye kiganja chake na kukisugua kwa kidole. Kikawa vumbi. Nikamwambia, "Mzee alikishika kitambaa vizuri. Ila kinachokuingia kifuani ni hiki." Akakitazama kwa muda mrefu.

"Sawa, mwanangu. Lakini pini usizitupe."

Basi bwana, kazi ikaanza Jumamosi asubuhi uani, mimi na mdogo wangu. Nawaandikia hatua zake kwa sababu najua kuna watakaojaribu.

Kwanza tulitoa waya wa betri. Kwenye Corolla hii si jambo kubwa sana, lakini magari mapya zaidi huwa na mifuko ya hewa iliyokunjwa pembeni mwa paa, juu ya milango. Kama lako ni la aina hiyo, mpe fundi anayeijua mifumo hiyo, usichezecheze. Kisha tukafungua vizuia jua, taa ya ndani, vishikio vya mkono, na plastiki zinazofunika nguzo za pembeni. Tukavuta mipira ya milango pale inapobana ukingo wa dari. Kila skrubu tuliifunga kwenye karatasi yenye jina la mahali ilipotoka. Siti za mbele tukazilaza, tukautoa ubao taratibu kupitia mlango wa abiria. Hapo mnatakiwa watu wawili, maana ubao ule ukiupinda kwa nguvu unavunjika, na ukivunjika ndipo utajua thamani yake.

Pini alizitoa mama mwenyewe. Tulilaza ubao kwenye meza mbili, tukamfunga barakoa, tukamketisha upande upepo unakotoka ili vumbi limwendee mbali. Alizichomoa moja moja, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa. Alipomaliza akaingia ndani na kufunga mlango, nasi tukang'oa kitambaa. Kilitoka chote kwa mvuto mmoja, kama ganda la ndizi mbivu.

Kilichofuata ndicho kinachochosha. Unga wote lazima uondoke kwenye ubao, kwa brashi ngumu ya kiasi, bila kuuchimba. Tulisugua saa tatu nzima, barakoa usoni, miwani machoni. Ukiacha unga, gundi mpya itashika unga na unga haujashika kitu. Utarudi palepale.

Kitambaa nilikinunua Kariakoo, mita mbili, chenye sponji yake mgongoni. Usiuziwe kitambaa kitupu kwa sababu ni rahisi. Gundi hupenya na kuacha mabaka, na kila kovu la ubao litaonekana. Kuhusu gundi yenyewe, darasa nilipewa Keko, kwa mzee mmoja anayetengeneza makochi. Nilipita nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, akaacha kazi yake dakika kumi kunifundisha.

"Chagua inayostahimili joto. Paka pande zote mbili, kwenye ubao na kwenye sponji. Halafu subiri. Gusa kwa kidole. Ikinasa lakini haikuachii utando kidoleni, hapo ndipo ubandike. Gundi haitaki haraka, mwanangu."

Tulifanya hivyo nje, mbali na jiko na sigara, kwa kuwa mvuke wa gundi hizo huwaka moto na haufai kifuani. Kitambaa tulikitandaza chote kwanza, tukakunja nusu, tukapaka nusu, tukasubiri. Kisha tukabandika kuanzia katikati kwenda pembeni, tukikisukuma kwa viganja mpaka kiingie kwenye mabonde yote ya ubao. Ukikivuta kipite juu ya bonde, kesho kitabanduka hapo hapo. Nusu ya pili vivyo hivyo. Pembeni tuliacha ziada ya kama sentimita tano, tukaikunja nyuma na kuibandika. Kwenye tundu la taa tukakata alama ya X na kukunja ncha zake kwa ndani. Ubao ukalala sebuleni usiku kucha, sisi tukipita kwa kuuzunguka kama mgeni aliyesinzia.

Jumapili jioni gari lilikuwa limekamilika. Kona moja ya nyuma ina mkunjo mdogo ambao mimi nauona kila siku na wageni hawauoni kamwe. Gharama yote haikufika nusu ya bei aliyonitajia yule fundi wa bomba la sindano.

Sasa ni miezi saba, na joto la Januari na Februari limepita juu yake. Dari haijashuka hata kwa upana wa kucha. Mama bado ana pumu, na vumbi la mjini bado lipo, kwa hiyo sitawaambia kwamba amepona. Ila akishuka kliniki hakung'uti tena mtandio.

Nimefikiria sana ule ukimya wake siku ya kwanza. Nilidhani anatetea kitambaa, kumbe alikuwa akitetea mistari ile, rula ile, ile Jumamosi ambayo mzee alilala chali kwenye siti akihesabu sentimita. Kutengeneza kitu cha marehemu ni kazi ya namna hiyo. Unalazimika kuamua kipi kiendelee kufanya kazi na kipi kihifadhiwe, na si vizuri kuamua peke yako eti kwa sababu wewe ndiye mwenye bisibisi.

Pini tulizihesabu, zilikuwa 96. Nilitegemea angezifunga kwenye kitambaa na kuziweka kabatini pamoja na miwani ya mzee. Juzi nimemkuta barazani anabania nazo pindo la gauni la mjukuu, ameziacha nafasi sawasawa kutoka moja hadi nyingine.

Haya wadau, kazi njema, na vaeni barakoa.