Ni Mimi Niliyemwonyesha Njia

Kigango cha babu yangu, nguzo ya mbao ya kumkumbuka, kiliibwa, na mwizi alikifikia kwa sababu yangu. Sikuking'oa. Sikukibeba. Nilionyesha njia, nikapewa shilingi 200, nikarudi zangu Kipevu.

Nilikuwa kijana wa mjini, mtoto wa kibarua wa bandarini, niliyezoea mngurumo wa mitambo ya umeme na malori ya mafuta. Nyumbani Kaloleni tulikwenda likizo tu: matatu hadi Mazeras, kisha tunaiacha barabara ya Nairobi na kuanza kupandisha. Kanisani nilifundishwa kwamba miti ile iliyosimama karibu na baraza la wazee ni ushetani, shuleni hakuna aliyeitaja, na kwa hiyo muuza vinyago mmoja alipoanza kuniuliza kama kwetu kuna "magogo ya zamani", akisema anataka kuyaona tu, sikuona kwamba nafanya biashara ya kitu cha mtu. Nilimpeleka mchana, wazee wakiwa shambani. Saa ile ndiyo niliyoichagua mimi.

Wagiriama hawamsimamishii kila mtu kigango. Ni heshima ya mwanachama wa Gohu, chama cha wazee. Wengine huwekewa koma, mti mfupi usio na mapambo mengi. Cha babu kilinizidi kimo. Kilikuwa na kichwa cha duara na safu za pembetatu zilizochongwa kifuani, na shingoni kilifungwa kitambaa chekundu kilichokuwa kimeshapauka kwa jua. Wazee walikuwa wakimwaga mnazi kidogo chini yake, wakimtaja babu kwa jina.

Siku chache baadaye palibaki shimo. Baba mdogo aliuliza ni nani aliyekuja na mgeni. Nilinyamaza. Lawama ikamwangukia jirani, na nyumba zile mbili zikaacha kuombana hata chumvi.

Miaka ikapita, kazi ikanipeleka Chicago. Mfanyakazi mwenzangu, mwenyeji wa Michoacán, alinialika kwao mtaa wa Pilsen tarehe 2 Novemba, siku ambayo Wameksiko huwapokea marehemu wao watu wazima. Watoto huwa wamepokewa tarehe 1. Mchana tulipita kwenye makumbusho ya sanaa ya Meksiko yaliyo mtaani humo, ambayo huandaa maonyesho ya siku hizo kila mwaka tangu 1987. Nilipiga picha nyingi. Nilivutiwa kama mtalii.

Usiku, sebuleni kwao, hali ilikuwa nyingine. Meza ilipangwa ngazi ngazi: picha za marehemu, mishumaa, chumvi, mikate iliyofinyangwa mifano ya mifupa, na glasi ya maji kwa sababu anayetoka safari ndefu hufika na kiu. Kutoka mlangoni hadi mezani walikuwa wamemwaga petali za maua ya rangi ya chungwa, cempasúchil. Niliuliza ni za nini. Mwenzangu akanijibu kwamba ni za kumwonyesha marehemu njia ya kwao.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya.

Mama yake, bibi wa makamo, alinisogezea nafasi mezani, akauliza mimi namweka nani. Sikuwa na wa kumweka. Babu hakuwahi kupigwa picha. Kilichomshika duniani kilikuwa kile kigango, na mimi ndimi niliyempeleka mtu kukiangalia.

Nilianza kukitafuta. Sikuwa wa kwanza. Mzee Kalume Mwakiru wa Chalani aliibiwa vigango vya nduguze wawili mwaka 1985, muda mfupi baada ya mwanaanthropolojia Monica Udvardy kumpiga picha akiwa navyo. Mwaka 1999 Udvardy alikiona kimoja kwenye slaidi za mwenzake Linda Giles: kilikuwa katika jimbo la Illinois, jimbo hilohilo nililokuwa nikiishi. Cha pili kiligunduliwa Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa Kenya, ingawa mzee alikuwa ameshafariki. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yalirudisha vingine 37. Cha Mwakiru kilitambulika kwa sababu ile picha ilikuwapo. Cha babu hakina picha, na mpaka leo hakijulikani kilipo.

Niliporudi nyumbani nilimweleza baba mdogo yote. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nenda kwa jirani ukayaseme hayo." Jirani alikuwa amekufa na lawama yangu. Nilimwambia mwanawe. Alinishukuru kwa kuja, hakunikaribisha kuketi. Kikao cha ukoo kilichofuata sikuitwa, na sikuona haki ya kulalamika.

Wewe ambaye kwenu ni Kaloleni, Ganze au Magarini, ukienda likizo waombe wazee ruhusa, ukipige picha kila kigango, mbele na ubavuni. Andika jina la aliyewekewa na la aliyekisimamisha. Nakala moja mwachie mzee wa boma, nyingine ipeleke makumbusho ya Fort Jesus, na usiirushe mitandaoni. Mgeni akikuuliza viko wapi, mpeleke kwa wazee wakiwapo, au usimpeleke kabisa.