Sikio la Ba'mdogo

Likizo iliyopita nilibeba mashine yangu ndogo ya CNC hadi Kasulu, kwa ba'mdogo ambaye ni seremala. Akanipa ubao wa mninga wa mlango wa mteja: "Haya msomi, chonga jina." Jina likatoka jeusi, limeungua. Nikashusha spidi ya mota kutoka S8000 hadi S3000. Bado moshi.

"Mlio ni uleule, mwanangu," akasema.

Nikabisha: si S3000 hii hapa kwenye skrini! Akanyamaza. Ndipo nikashika maltimita. Kwa amri zote mbili, waya wa kudhibiti mota ulitoa volti 5. Nikafungua mipangilio ya Grbl: $30, yaani spidi ya juu kabisa, nilikuwa nimeiacha 1000 kama ilivyokuja. Kumbe kila amri iliyozidi 1000 ilihesabiwa ni spidi ya mwisho! Mota yangu mwisho wake ni 12000, nikaandika hivyo. S3000 ikatoa karibu volti 1.25, mlio ukashuka.

Ubao ulishaharibika, nikaulipa kwa bumu. S3000 ile yalikuwa maneno yangu mwenyewe, wala si jibu la mashine. Jibu alilisikia ba'mdogo.