Riali hamsini na Kiingereza changu

Leo sina habari za joto wala za foleni za Al Khuwair. Nataka kuwasimulia nilivyoumbuka.

Jirani yangu ni bi mkubwa mzaliwa wa Unguja, aliletwa Oman na wazazi wake miaka ya sabini. Kiswahili chake kitamu, Kiarabu anacho, Kiingereza hana. Tangu mumewe afariki, kodi imemlemea. Akaniita: "Mwanangu, wewe msomi. Mwandikie dalali anipunguzie riali hamsini." Alikuwa analipa 230. Dalali mwenyewe Mhindi, barua anataka za Kiingereza tu.

Nikaandika kwa mbwembwe: "a reduction to 50 rials". Siku ya tatu dalali kampigia simu kijana wake, anafoka: mama yenu anataka kukaa nyumba nzima kwa riali 50? Bi mkubwa akaja mlangoni. "Mwanangu, umeniandikia nini huko? Nimeonekana ombaomba." Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Nilitakiwa niandike "a reduction of 50 rials", yaani kodi ipungue kwa riali 50, ibaki 180. Nilichoandika mimi ni ishuke mpaka ibaki 50. Kaneno kamoja, tofauti ya riali 130 kila mwezi!

Nadhani tatizo letu ni hili. Kwetu "ya" na "la" vinabeba kila kitu: sababu ya, ombi la, ongezeko la. Waarabu nao wanaweka majina mawili pamoja, basi. Mwingereza kila jina kalioza mke wake: "reason for" lakini "cause of", halafu "request for". Kodi ikipanda ni "increase in rent", ukitaja kiasi ni "increase of 50 rials". Ukitafsiri kichwani, umekwisha. Siku hizi neno jipya naliandika daftarini pamoja na mwenzake, sio peke yake.

Nikaandika upya, safari hii na hesabu yote: "from 230 to 180 rials, a reduction of 50 rials". Dalali akapunguza 30. Sio haba. Jioni bi mkubwa kaniletea mkate wa kumimina, kasema, "Hizo ishirini zilizobaki, mwanangu, ni za ile barua ya kwanza."

Sijui alikuwa anatania. Wadau, barua ya pesa andikeni kiasi cha zamani na kipya, vyote viwili. Ijumaa njema.