Mafuta na Juzuu: Safari ya Mapera

Tulitoka Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, tukaipanda milima ya Umatengo kupitia Mbinga hadi Mapera. Mkobani tulikuwa na nguo, chupa ya mafuta ya mwili iliyojaa nusu, na juzuu mpya tuliyomwahidi mwanafunzi wetu.

Kumbe hewa iliyofungiwa chupani kule chini hutanuka kadiri tunavyopanda, kwa kuwa hewa ya milimani ni nyepesi. Chupa ililala, mafuta yakasukumwa, yakapenya kizibo. Kijana aliipokea juzuu imelowa, akafuta kurasa kwa upindo wa kanzu yake, asiseme neno. Haya ilitushika.

Tangu siku ile twachukua mafuta ya siku chache tu, katika kichupa laini. Twakibinya hewa itoke, ndipo twafunga, na chini ya kifuniko twaweka kipande cha nailoni. Kichupa husimama wima katika mfuko wake, mbali na vitabu. Sabuni yetu ni ya kipande; mswaki ni wa mti, alioupenda Mtume (s.a.w.). Mzigo umepungua, na amana za watu hufika salama, alhamdulillahi.