Pawa saplai na ile chenji

Najua nimewatupa siku nyingi. Mitihani imeisha salama, namshukuru Mungu, ila leo sina stori za mitihani. Kuna kitu kimenikaa rohoni, acha nikitoe hapa.

Mshikaji wangu wa chumba anatengeneza katuni ya 3D, ndiyo mradi wake wa mwaka wa mwisho. Alijinyima bumu mihula miwili akanunua kadi ya grafiki ya mtumba, RTX 3080. Ilitoka mwaka 2020 lakini bado ni mnyama. Pawa saplai ya zamani isingeiweza, hivyo akanipa laki mbili na nusu. "Wewe ndiye unayejua haya mambo, nenda Kariakoo ukanichagulie."

Nikaenda. Dukani nikaona moja ina taa za rangi, ubavuni imeandikwa 700W, elfu themanini tu. Nikapiga hesabu: kadi wati 320, prosesa 65, ubao na feni kidogo. Hata 500 haifiki! Nikabeba. Chenji sikurudisha. Nilimwambia vitu vimepanda bei. Wale mliokula chipsi kuku kwa ofa yangu wiki ile, sasa mnajua zilitoka wapi.

Usiku wa kwanza, saa nane, kazi imekolea, paa! Kompyuta imezima. Umeme upo, feni ya dari inazunguka kama kawaida. Akawasha tena. Dakika kumi, paa! Mara ya nne akakaa kitandani akasema ameuziwa kadi mbovu, bora ile hela angemtumia mama yake. Mimi kimya.

Asubuhi nikaipeleka pawa saplai kwa fundi mmoja. Wala hakuifungua. Aliigeuza akasoma kile kibandiko cha maandishi madogo. "Mdogo wangu, wewe umesoma namba ya kwenye boksi. Soma hapa." Laini ya volti 12, ampea 28. Zidisha: wati 336. Na kadi na prosesa vyote vinakula humo humo! Zile 700 ni jina tu.

Akaendelea kunisomesha. Kadi hizi hazili umeme sawasawa, kuna vipande vya milisekunde zinaruka juu sana ya hizo 320. Pawa saplai nzuri inavumilia, dhaifu inajizima. Ndiyo maana Nvidia wenyewe wanashauri wati 750 kwa 3080, na 850 kwa 4090 inayokula 450. Kila tundu la pini 8 limepangiwa wati 150, kwa hiyo kama kadi ina mawili, vuta nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai. Mimi nilitumia waya mmoja wenye vichwa viwili. Halafu ile alama ya 80 Plus Gold inakwambia umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haikwambii kwamba wati zilizoandikwa zinatosha.

Nikakopa, nikaongeza, nikanunua ya 750W yenye ampea 62 kwenye volti 12. Hapo ni wati 744, namba inaendana na jina. Nikarudi chumbani nikamweleza yote, pamoja na chenji.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Kwa hiyo kadi yangu ni nzima?"

"Nzima kabisa."

Akashusha pumzi, akaanza kufungua skrubu. Kompyuta ilifanya kazi usiku kucha bila kuzima. Sasa hivi tunaongea vizuri, tunacheka, tunapika pamoja. Ila wadau, hata mkate siku hizi anaenda kununua mwenyewe.

Deni lake nalipa kidogo kidogo. Mnaotaka kununua pawa saplai, someni kibandiko. Na mkitumwa, rudisheni chenji.

Tuko pamoja.